Subiri Tangazo Liishe

Mshonaji aliitambua sauti kabla hajamwona mwenye nayo. Alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba cha dharura, mwanawe wa miaka mitatu kamlalia kifuani. Daktari alikuwa kashamwangalia mtoto na kusema kifungo cha nguo alichopaliwa nacho kimetoka chote, koo halina jeraha la kutisha, ila wasubiri kidogo aangaliwe tena. Basi mama akawa anasikiliza pumzi za mwanawe, moja moja, kana kwamba akiacha kuzisikiliza zitakoma. Ndipo akasikia, nyuma ya pazia, mwanamke akimwambia mgonjwa mwingine:

"Tulia. Usiogope. Nisikilize mimi, tutafanya pamoja."

Maneno yale yale, na sauti ile ile, nzito kidogo, isiyo na haraka.

Aliinuka, mtoto begani, akalivuta pazia kwa nguvu mpaka pete mbili za kulitundikia zikakatika.

"Kumbe ni wewe!"

Muuguzi aligeuka, bomba la sindano mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mabega mapana. Wenzake walimwita Sindano, si kwa ukali wake, bali kwa sababu watoto walikuwa wakisema ya kwake haiumi. Kufokewa alikuzoea. Hospitalini watu hufoka kwa sababu wameogopa, na dawa yake kwa hilo ilikuwa kunyamaza, kumaliza kazi iliyo mkononi, kisha kusikiliza.

"Mama, nipe dakika moja tu nimalize hapa."

"Dakika! Unaniomba dakika! Mwanangu midomo inageuka buluu, mimi nimeshika simu nakusubiri uniambie nifanye nini, wewe unanionyesha watu wanabashiri mpira!"

"Watu gani, mama?"

"Usijifanye hujui!"

Akaitoa simu mfukoni, kioo kimepasuka kama utando wa buibui, akaifungua apu. Sindano aliijua ile picha ya msalaba mdogo ndani ya kiganja: Huduma ya Kwanza Kiganjani. Ilikuwa kazi yake mwenyewe. Mshonaji akabonyeza ukurasa ulioandikwa *Mtoto amepaliwa*. Badala ya mchoro wa mama aliyemwinamisha mtoto, kioo kizima kilijaa kijana mwenye miwani ya jua akirusha noti hewani, muziki ukipiga kwa kelele. Chini yake, kwa herufi za njano: *Subiri tangazo liishe.*

Wakasubiri, wote wawili, na mgonjwa kitandani akawa anatazama. Kijana alipomaliza kurusha pesa zake, kwenye kona kikatokea kialama cha kufungia, kidogo kama yai la chawa. Mshonaji akakigusa. Simu ikaruka kwenda kwingine kabisa: *Pakua sasa, bonasi inakusubiri.* Akarudi nyuma. Likaja tangazo la pili, la mikopo ya chapuchapu. Lilipopita hilo ndipo sauti ikaanza: "Tulia. Usiogope."

"Umejisikia?" mshonaji alisema, na sasa hakuwa akipiga kelele tena. "Eti nisiogope. Aliyemwokoa mwanangu ni mteja, mama wa watu aliyekuja kuchukua gauni lake. Alininyang'anya simu hii akaitupa, akaniambia lete mtoto, akampiga mgongoni mpaka kifungo kikaruka. Angechelewa njiani, ningekuwa hapa sasa hivi? Ningekuwa wapi?"

Akampiga Sindano kofi.

Mlinzi alikuja mbio. Sindano alimzuia kwa mkono. "Mwache. Mwache kabisa."

Kisha akaitoa simu yake mwenyewe kwenye mfuko wa sare, akafungua ukurasa ule ule. Ilifunguka papo hapo. Mchoro, sauti, maelekezo. Hakuna kijana, hakuna noti. Akaziweka simu mbili pamoja juu ya toroli la dawa na kuzitazama, shavu likimwaka.

"Yangu haina matangazo," alisema polepole.

Mshonaji akacheka kicheko kikavu. "Yako haina. Ingekuwaje iwe nayo?"

*

Apu ile waliitengeneza wawili, yeye na mdogo wake. Mdogo wake aliitwa Profesa tangu utotoni kwa sababu ya miwani, na jina hilo hakuwahi kulikanusha. Kampuni aliyokuwa akiiandikia programu ilipofungwa, alikaa nyumbani kwa mama yao muda mrefu, analala mchana, anajibu watu kwa mkato. Sindano wakati huo alikuwa akifundisha kina mama kliniki: mtoto akiungua fanya hivi, akipaliwa fanya vile, akinywa mafuta ya taa usimtapishe. Kila akimaliza, kina mama walikuwa wanamwambia, nesi, tunaelewa sasa hivi, lakini siku yenyewe ikifika akili inaruka.

Alilisema hilo siku moja mezani kwa mama yao. Profesa aliacha kula. "Dada, hayo yote yanaweza kukaa kwenye simu."

Walirekodi sauti chumbani kwa mama, wamejifunika mablanketi mawili ili honi za barabarani zisiingie, wakitoka jasho na kucheka kama watoto. Mama yao akawa anawagongea mlango, "Mnafanya nini humo, nyie?" Sindano alirudia kila ukurasa mpaka sauti yake ikawa kama ile anayoitumia wodini. Profesa alikuwa anamwambia, "Usinisomee mimi. Msomee mama aliyeshika mtoto." Sentensi hiyo ilikuwa yake Profesa, na Sindano aliipenda sana.

Apu ilitoka bure. Habari za matangazo walizungumza pia, hawakufichana. Profesa alisema watu hawalipii apu, wameshazoea vya bure, lakini mitambo inayoihifadhi inataka kulipiwa. Kwa hiyo chini ya ukurasa kutakuwa na kibango kidogo, cha sabuni, cha unga wa uji, mtu akikiona sawa, asipokiona sawa. Sindano alikubali. Hata ukuta wa kliniki ulikuwa na bango la sabuni, na hakuna mtoto aliyekufa kwa ajili yake.

Baadaye mambo yakamnyookea Profesa. Akapanga ofisi. Akaezeka upya paa la mama yao, akabeba gharama ya dawa zake za presha. Alipoulizwa, alisema apu imeshika, dada, imeshika kweli. Sindano alifurahi, akawatambia wenzake, na kuuliza zaidi ya hapo hakuuliza.

*

Ofisi ya Profesa ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ngazi zake zikinuka saruji na rangi. Sindano alipanda akiwa bado amevaa sare. Ndani palikuwa na feni mpya, meza mbili za kioo, na kwenye kochi mwanamume nadhifu mwenye viatu vyenye ncha, ambaye Profesa alimtambulisha kuwa ni wakala wa matangazo. Yeye ndiye aliyekuwa akimtafutia makampuni ya kutangaza.

"Ah, ndiye dada mwenye sauti!" wakala alisimama na mkono mbele. "Sauti ya dhahabu hiyo."

Sindano hakuushika mkono. Akamgeukia mdogo wake.

"Fungua ukurasa wa mtoto aliyepaliwa."

"Dada, karibu kwanza, kaa. Maji?"

"Nimesema fungua. Si kwenye simu yako. Fungua kwenye simu ya huyu."

Wakala alimtazama Profesa. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuifungua.

"Kuna mtu amelalamika," alisema.

"Kuna mtu amenipiga kofi mbele ya wagonjwa wangu. Na ingekuwa mimi ndiye yule mama, nisingetumia kofi, ningetumia kiti. Mtoto wake amemeza kifungo, wewe unamwambia asubiri tangazo liishe!"

"Amepona?"

"Amepona kwa mikono ya mteja aliyefuata gauni lake. Si kwa mikono yako wala kwa sauti yangu."

Wakala aliketi tena, akakunja nne. Alizungumza kwa upole, kama mtu aliyezoea kuuza. "Dada, tuelewane. Kile kibango cha chini hakilipi kitu. Nani anakiona? Tangazo la kioo kizima ndilo lenye pesa. Na kurasa zenu si sawa. Ukurasa wa kuosha kidonda, mtu anafungua, anasoma taratibu, anafunga. Lakini kupaliwa, kuungua, sumu, hizo ndizo kurasa zenyewe. Mtu mwenye hofu ana kidole chepesi. Anagusa kila kitu. Na kila akigusa tangazo, tunalipwa."

Feni iliendelea kuzunguka. Sindano alikuwa amewaona watu waovu katika kazi yake: baba aliyemvunja mtoto mkono, mwana aliyemtupa mama yake getini. Hakuwahi kumsikia mtu akilieleza jambo baya kwa utulivu namna ile, huku ananyoosha mkunjo wa suruali.

"Rudia," alimwambia.

"Nasema kibiashara tu."

"Toka nje."

"Dada, hii ni ofisi ya…"

"Toka kabla sijakushika!"

Wakala akachukua begi lake. Mlangoni akamwambia Profesa, "Tutaongea mambo yakitulia," akashuka ngazi, viatu vyake vikigonga ngazi moja baada ya nyingine.

Walipobaki wawili, Profesa alianza kusema haraka haraka. Kwamba wanaokutwa na mkasa kama huo ni wachache, wengi hufungua apu kwa kujifunza tu. Kwamba bila matangazo apu ingekufa zamani, na apu iliyokufa haiokoi mtu. Kwamba kazi ya bure haipo duniani, lazima mtu fulani alipe. "Na paa la mama liliezekwa na nini, dada? Dawa zake zinatoka wapi? Mbona hukuuliza wakati ule?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini halikumzima.

"Sikuuliza. Haya, nauliza sasa. Simu yangu haina matangazo. Kwa nini?"

Profesa akaanza kupanga karatasi mezani.

"Ya mama?"

"Nyie niliwawekea toleo jingine."

"Nyie nani?"

"Familia."

"Ya mkeo je?"

"Na yeye."

"Kwa nini, Profesa?"

Aliangalia dirishani. Chini mtu alikuwa anapakia mabati kwenye mkokoteni, yakigongana kwa kelele.

"Nitakujibia mimi," Sindano alisema. "Kwa sababu ulijua. Mwanao akipaliwa hutaki mkeo asubiri kijana amalize kurusha noti. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Ulikaa hapa, kwenye kiti hiki, ukawagawa watu: hawa wangu wapone, wale wengine waguseguse. Ungekuwa hujui ningekusamehe leo leo. Ujinga nauelewa, kila siku nauuguza. Lakini ulijua!"

"Nimefungwa na mkataba, dada. Siwezi kuyaondoa hivi hivi."

"Basi iondoe sauti yangu."

Profesa aligeuka. Labda alikuwa amechoka kufokewa. Labda ndivyo alivyokuwa siku zote na dada yake hakutaka kuona. "Sauti ni kitu rahisi sana kubadilisha," alisema. "Wapo wengi wenye sauti."

Sindano alimtazama mdogo wake, yule ambaye yeye alikuwa akimbeba mgongoni utotoni na kumfundisha kufunga kamba za viatu. Akaondoka bila kuaga.

*

Alikwenda kwa mama yao, akiamini kwamba huko atapata wa kumuunga mkono. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akishika kikombe kwa mikono miwili.

"Amekosea," mama alisema. "Nitamwambia. Lakini usimvunjie mwenzako riziki, mwanangu. Umesahau alivyokuwa pale kwenye chumba kile, anaukodolea ukuta macho? Nilikuwa naficha visu."

"Sijasahau, mama."

"Basi zungumzeni polepole. Damu ni nzito kuliko maji."

"Na damu ya yule mtoto wa mshonaji, mama, yenyewe ni maji?"

Mama alimsogezea kikombe kingine. Alisema tu chai itapoa. Sindano aliiacha ikapoa, akaenda zake, na njia nzima akawa anajibishana na watu wasiokuwepo: na wakala, na mdogo wake, na mama, na yeye mwenyewe aliyekuwa akijitamba wodini kwamba apu imeshika.

Kliniki iliyofuata, kina mama walipokaa kwenye mabenchi yao na watoto migongoni, hakufungua bango la mafunzo. Alisimama mbele akasema, "Toeni simu zenu." Wakazitoa. "Nani ana apu ya Huduma ya Kwanza Kiganjani?" Mikono ikapanda mingi, na wengine wakamtabasamia kwa sababu walijua ni sauti yake. "Ifuteni."

Wakatazamana.

"Nesi, si ndiyo ulituambia wewe mwenyewe tuiweke?"

"Ni mimi. Leo nawaambia muifute. Ina matangazo yanayowazuia msifikie msaada, na mimi sikuyajua mpaka mwenzenu aliponiumbua. Kabla ya kufuta, andikeni mliyokutana nayo pale chini kwenye maoni. Mwandike kweli, msitie chumvi."

Hapo ndipo alipojua kwamba mshonaji hakuwa peke yake. Mmoja alisema mwanawe alimwagikiwa na maji ya moto, na yeye akajikuta kwenye ukurasa wa kununua viatu. Mwingine alisema alidhani simu yake ina virusi, akaona aibu kumwambia mtu. Bibi aliyekuja na mjukuu wake alisema, "Mimi nilidhani ndiyo malipo ya kupewa cha bure. Mtu ukipewa bure unauliza?" Waliongea kwa zamu, kisha wote kwa pamoja, na hasira yao ikapanda mpaka daktari wa chumba cha pili akachungulia kuona kuna ugomvi gani.

Waliandika. Kisha wakawaambia dada zao, mawifi zao, majirani zao. Mshonaji naye, bila ya mtu kumwomba, alibandika karatasi kwenye mlango wa duka lake akieleza yaliyompata, na kila mteja aliyekuja kupimwa alisimuliwa upya huku utepe uko kiunoni, hana pa kukimbilia.

Profesa alipiga simu. Hakusalimia. "Unanimaliza, dada. Mtu na dada yake!"

"Yaondoe."

"Watu wameacha kuipakua. Wakala hapokei simu zangu."

"Sikukuuliza habari za wakala. Yaondoe."

Akakata. Wifi yake alimpigia baadaye, akilia, akimwomba awahurumie. Sindano alimwambia, "Wifi, wewe sina neno nawe. Ila ifungue apu kwenye simu ya jirani yako uone. Kisha nipigie tena." Wifi hakupiga tena. Nini kilisemwa ndani ya nyumba ile, Sindano hakukijua, na hakuuliza.

*

Mvua zilikuwa zimeshaanza Profesa alipotokea wodini, suruali imelowa mpaka magotini. Alikuwa amekonda. Ofisi ya juu ya duka la vifaa alikuwa ameirudisha kwa mwenyewe, na sasa anafanyia kazi sebuleni kwake. Wakala alikuwa amehamia kwa kijana mwingine mwenye apu ya tochi.

"Nimeyatoa," alisema. "Kurasa zote za dharura ni safi. Kibango kidogo kimebaki kwenye zile kurasa nyingine tu, za usafi na chakula." Akamnyooshea simu. "Jaribu."

Sindano hakuipokea. Alimgeukia mama aliyekuwa ameketi karibu na mwanawe mwenye bandeji mguuni, mtu wasiyemjua wote wawili. "Samahani, mama. Una bando kwenye simu yako? Naomba unisaidie kitu, nitakurudishia."

Yule mama akaipakua, na wao wakasimama wakimsubiri, Profesa ameinamisha kichwa kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Ukurasa wa kuungua ulifunguka papo hapo. Wa sumu vile vile. Wa kupaliwa vile vile. Sauti iliyosema "Tulia, usiogope" haikuwa ya Sindano tena. Ilikuwa ya Profesa mwenyewe, inakwamakwama kidogo, na nyuma yake mvua inasikika juu ya bati.

"Ulisema niitoe sauti yako," alisema.

"Nilisema."

"Ningependa uirudishe. Watu waliizoea."

"Hapana."

Profesa alisubiri aambiwe neno jingine. Sindano alikuwa na maneno mengi. Alijua kwamba mdogo wake hakuyaondoa matangazo kwa kutubu peke yake. Alisubiri kwanza mpaka yakakosa faida. Alijua pia kwamba gharama ya dawa za mama kuanzia sasa watagawana. Yote hayo hayakupunguza kitu. Hasira ilikuwa pale pale, imetulia tu, kama makaa chini ya majivu.

"Nenda nyumbani ukabadili nguo," alimwambia. "Utaugua."

Alipotoka kazini alipitia kwa mshonaji. Duka lilikuwa dogo, vitambaa vimerundikwa mpaka darini, na mtoto yule yule alikuwa chini ya cherehani akivuta uzi, mzima wa afya. Sindano alisimama mlangoni, karibu na ile karatasi.

"Mdogo wangu ameyatoa yale matangazo," alisema. "Nimehakikisha kwenye simu ya mtu mwingine. Nilitaka usikie kutoka kwangu."

Mshonaji aliendelea kushona mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno. "Sitaki apu yenu."

"Sikuja kukuomba uirudishe."

"Na huyo mdogo wako sijamsamehe."

"Hata mimi."

Mshonaji alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha akainuka, akatoa vipande vya vitambaa juu ya sanamu ya kupimia nguo za watoto, akaibeba na kuilaza kifudifudi kwenye stuli katikati ya duka. Akachungulia mlangoni, akamwita muuza mboga wa kibanda cha pili na msusi wa kibanda cha tatu.

"Haya," alimwambia Sindano. "Tuonyeshe kwa mikono. Na usiniambie nisiogope. Niambie nipige wapi."

Sindano aliweka mkoba chini, akakunja mikono ya sare.

"Hapa," alisema. "Katikati ya mabega. Kwa kisigino cha kiganja, hapa karibu na kifundo cha mkono. Piga kwa nguvu."

Mshonaji akapiga. Alipiga kwa nguvu kiasi kwamba sanamu iliruka kwenye stuli, na mtoto chini ya cherehani akashtuka.